Uji mzito na saa za mama: kumlisha mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 na kuendesha nyumba

Tumbo la mtoto wa miezi 8 linabeba kama mililita 200 kwa mlo mmoja, chini ya kikombe kimoja cha chai. Ukilijaza uji unaotiririka, umelijaza maji. Atashiba, atalala, na baada ya miezi miwili mitatu mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki utalala nao. Mama anayeshinda nyumbani huumia kuliko wote akiambiwa hivyo, maana ni yeye aliyekoroga uji huo mara nne kwa siku. Chakula kilikuwepo na bidii ilikuwepo. Kilichokosekana ni uzito wa uji, na saa: kufua, kuteka maji na kupika vinakula muda wa mlo wa mtoto mpaka analishwa haraka haraka, au analishwa na kaka yake wa miaka saba.

Tuanze na sufuria, kisha tuje kwenye saa.

Uji unaokaa kwenye kijiko

Chota uji, inamisha kijiko. Ukibaki kwenye kijiko kisha ukadondoka kwa donge, unafaa. Ukitiririka kama chai ya maziwa, bado. Uji wowote unaoweza kunyonywa kwa chupa ni mwepesi mno, na chupa yenyewe ni shida kuisafisha, kwa sababu chuchu na kifuniko chake huficha mabaki yanayochacha. Tumia bakuli na kijiko kidogo.

Kwa mlo mmoja wa mtoto wa miezi 9 andaa:

- maji kikombe 1 (mililita 250)
- unga wa dona au wa ulezi, vijiko 3 vya chakula vilivyosawazishwa
- karanga za kusaga, kijiko 1 cha chakula, au unga wa dagaa kijiko 1 cha chakula
- mafuta ya kula, kijiko 1 cha chai

Koroga unga kwanza na robo ya maji hayo yakiwa baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha maji yaliyobaki, mimina mchanganyiko huku ukikoroga. Ukianza kutokota punguza moto, funika nusu, acha dakika 15 kwa mahindi au 10 kwa ulezi, na usiache kupitisha mwiko chini. Karanga au dagaa vinaingia dakika 5 za mwisho. Vikiingia mapema hushika chini na kuungua, na uji mzima unakuwa mchungu. Mafuta yanaingia ukishaepua. Utapata kama robo tatu ya kikombe. Kitakachozidi wakinywe wengine; mtoto hawekewi kiporo kilichokwisha kuguswa na kijiko chake, kwa sababu mate huanza kukichachua na kukilainisha papo hapo.

Kosa la kawaida ni kuongeza maji dakika ya mwisho kwa kuwa uji "unaonekana mzito." Kama kweli ni mzito kwake, ulainishe kwa maziwa: ya kwako yaliyokamuliwa, au ya ng'ombe yaliyochemshwa. Kila kijiko cha maji unachoongeza kinamwondolea kijiko cha chakula.

Sukari haina kazi hapa. Ndizi mbivu iliyopondwa au papai hutia utamu wa kutosha. Chumvi usiweke kabisa. Asali asionje kabla ya kutimiza mwaka 1, hata kwa kikohozi: inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga, pamoja na ile ya kupumulia, na kuichemsha nyumbani hakuviui.

Kuhusu kiasi: akitimiza miezi 6, anza na vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 kwa siku, na kunyonya kubaki pale pale. Ongeza taratibu, milo 2 hadi 3, mpaka afike nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe au zaidi kidogo, milo 3 hadi 4. Kuanzia mwaka 1, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4, na kitafunwa mara 1 au 2 katikati. Kila chakula kipya kianze kidogo, siku mbili tatu peke yake, ili akitokwa na vipele au kuvimba midomo ujue kimetokana na nini.

Unga wa "lishe" wa vitu kumi

Mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, ufuta na mbegu za maboga, vyote vimesagwa pamoja mashineni. Akina mama wengi huununua kwa mapenzi, wakiamini kwamba wingi wa vitu ndio ubora. Tunashauri uache.

Nafaka sita kwenye unga mmoja bado ni nafaka. Soya isiyopikwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina kitu kinachozuia mwili kutumia protini, na humjaza mtoto gesi. Karanga zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake huchacha ndani ya siku chache na unga ukaanza kunuka kama mafuta ya kukaangia ya juzi. Lililo zito zaidi ni kwamba kitu kimoja chenye ukungu kinaharibu unga wote, na kikishasagwa hukioni tena.

Ukungu huo ndio wenye sumukuvu, na hushambulia hasa mahindi na karanga. Kenya mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Tanzania mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, wala kuanika juani baada ya ukungu kuota. Kinga yako ni macho na vidole: nunua nafaka nzima, chambua mwenyewe, tupa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi ya kijani, nyeusi au njano isiyo ya kawaida. Usiwape kuku punje hizo, sumu itarudi kwako kupitia mayai na nyama.

Basi saga nafaka moja, ya wiki mbili tu, uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Mengine yaingie sufuriani siku ya kupika.

Asubuhi moja ya maandalizi

Tenga asubuhi moja kwa wiki, siku ambayo baba, shangazi au dada yupo wa kumshika mtoto. Kazi zenyewe zinachukua kama saa tatu, na zinakuondolea hekaheka ya siku sita.

Dagaa. Robo kilo ya dagaa wakavu wasio na chumvi inatosha kwa mtoto mmoja kwa wiki mbili. Waulize wauzaji wamekaushiwa wapi. Waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, waliokaushwa chini wana mchanga mpaka tumboni. Ng'oa vichwa na matumbo, ndiyo yenye uchungu. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, mpaka beseni lisibaki na chembe chini. Sasa ndipo wengi huharibu: wanawasaga wakiwa na unyevu, na siku ya nne chupa ina ukungu. Waanike juani tena mpaka wakauke, kisha wakaange bila mafuta, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, ukigeuza. Dagaa aliye tayari huvunjika kwa sauti ukimkunja. Wakibadilika kuwa kahawia iliyoiva wameungua. Twanga kwenye kinu au saga kwa blenda kavu, chekecha, weka kwenye chupa kavu. Harufu ikikusumbua, chungwa au embe baada ya mlo huikata, tena humsaidia mtoto kufyonza madini ya chuma. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo asipewe chai, hata ya rangi na hata "kidogo tu."

Karanga. Chambua kama tulivyosema, kaanga moto mdogo, pukuchua maganda, saga mpaka zitoe mafuta na kuwa laini kabisa. Karanga nzima au iliyovunjika vipande mtoto asipewe kabla ya miaka 5, itamkaba.

Maharage. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha mpaka yapondeke kwa kidole. Kwa mtoto wa chini ya miezi 9 yapitishe kwenye chekecheo ili maganda yabaki juu. Mwenye friji lenye sehemu ya kugandisha ajaze trei ya barafu: kibarafu kimoja ni kama vijiko 2 vya chakula. Kikiganda hamishia kwenye mfuko safi, andika tarehe, tumia ndani ya mwezi mmoja. Asiye na friji achemshe ya siku moja tu. Ndiyo, inakula mkaa zaidi, na hakuna njia salama ya kuikwepa.

Kimea. Hiki bibi zetu wanakijua kwa togwa na pombe, na ni dawa kubwa ya uji mzito ambao mtoto mdogo hawezi kuumeza. Chukua vikombe 2 vya ulezi, osha, loweka saa 12. Chuja, tandaza ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku 2 hivi vitachipua. Chipukizi likilingana na punje, anika juani mpaka zikauke kabisa, fikicha chipukizi na vimizizi vitoke, pepeta, saga. Ulezi ni salama kuliko mtama, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu. Ukitumia mtama, fikicha mpaka lisibaki hata moja. Kikinuka ukungu kabla hakijakauka, mwaga chote.

Kukitumia: pika uji mzito kupita kiasi, vijiko 5 vya unga badala ya 3 kwa kikombe kilekile cha maji. Epua, acha upoe mpaka uwe wa moto unaovumilika mdomoni. Tia kijiko 1 cha chai cha kimea, koroga, subiri dakika 5 hadi 10. Utauona ukilegea mbele ya macho yako bila tone la maji. Rudisha motoni uchemke dakika 2 au 3, maana kimea ni unga mbichi na kina vijidudu. Ukikitia uji ukiwa unachemka, moto unaua nguvu yake na uji haulegei. Hilo ndilo jibu kwa wanaosema walijaribu ikashindikana.

Chungu kimoja cha mchana

Usimpikie mtoto mchana sufuria ya peke yake. Pika cha watu wote bila chumvi, bila pilipili, bila viungo vya pakiti. Kikiiva toa fungu la mtoto, ndipo utie chumvi ya wengine. Katika bakuli lake weka vijiko 4 vya ndizi, wali laini au viazi lishe vya rangi ya chungwa, vijiko 2 vya maharage, samaki aliyechambuliwa miiba au nyama iliyokatwakatwa kabisa, kijiko 1 au 2 cha mchicha au matembele, na kijiko 1 cha chai cha mafuta au tui zito la nazi. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri bila kufunikwa kabla ya kuungwa, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Mchuzi mtupu juu ya ugali hauna nyama ndani yake. Mtoto apewe nyama yenyewe, imekatwa ndogo kama punje za mchele. Maini ni bora sana kwa damu, mara moja kwa wiki yanatosha. Yana vitamini A nyingi na yakizidi si mazuri. Yai, mpe likiwa limeiva hadi ndani. Maneno kwamba yai humchelewesha mtoto kusema hayana msingi.

Kadiri anavyokua punguza kuponda. Miezi 6 hadi 8 kiwe rojo zito, miezi 9 kiwe na vipande laini vya kushika kwa vidole, na mwaka 1 ale kile mnachokula kikiwa kimekatwa. Anayepondewa kila kitu mpaka mwaka na nusu hukataa vipande, na kumfundisha upya ni kazi.

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa la Januari hadi Machi, saa 1. Chupa ya chai hushika moto kwa muda tu, kisha huwa ya uvuguvugu ambao vijidudu hupenda. Ukilazimika kuitumia, isuuze kwa maji yanayochemka, mimina uji mtupu ukiwa unachemka, utumike kwa mlo unaofuata, basi. Maziwa na dagaa vitiwe wakati wa kula.

Saa za siku

Kanuni moja inapanga siku nzima: kazi za moto na za maji zifanyike mtoto amelala, kazi kavu zifanyike akiwa macho kando yako. Kukaanga, kuchuja wali, kupasha maji, kufua kwenye beseni: hizo ni za usingizi. Kuchambua mchele, kuchuma matembele, kukunja nguo: hizo ni zake pia. Mpe sufuria tupu, vifuniko viwili na mwiko, akae mkekani. Wewe unafanya kazi na yeye anajifunza, huku ukimtajia kila kitu: huu mchele, hili jani, hiki kifuniko. Televisheni na simu havimfai kabla ya miaka 2.

Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku ukijumlisha na wa mchana, na wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14. Siku ya mtoto wa miezi 9 inaweza kwenda hivi: saa 12 asubuhi anaamka na kunyonya, saa 1:30 uji, saa 3 hadi 4:30 usingizi wa kwanza, nawe unafua na kuinjika mboga, akiamka ananyonya na kula tunda, saa 6:30 chakula cha mchana, saa 8 hadi 9:30 usingizi wa pili, saa 10 jioni ananyonya, mnatoka nje kivulini, saa 12 jioni mlo wa usiku, saa 12:45 kuoga, saa 1:30 usiku yuko ndani ya chandarua.

Usingizi wa pili ni wako. Kula umekaa chini, kunywa maji, lala hata dakika 20. Mama anayenyonyesha anahitaji mlo mmoja zaidi kwa siku, na anayekula makombo akiwa amesimama jikoni haupati mlo huo. Nyumba isiyopigwa deki saa 8 mchana haimdhuru mtu. Waliomo ndani walielewe hilo, na baba aelezwe kwa maneno wazi kazi ipi ni yake akirudi. Kuogesha na mlo wa usiku vinamfaa sana, maana ndizo saa mtoto anapomtaka.

Mama mkwe au bibi akitaka mtoto wa miezi 3 apewe "maji ya uji," usigombane naye. Mwambie kwa adabu, "Mama, kliniki wamesema tusubiri atimize sita, nitakuomba unisagie wewe karanga zake siku hiyo." Mtu mzima aliyepewa nafasi yake huwa mlinzi mzuri wa mtoto, na kimea atakutengenezea vizuri kuliko mwongozo wowote.

Akikataa kula

Kwanza hesabu alichokula tangu asubuhi. Biskuti mbili, juisi na kunyonya dakika kumi kabla ya mlo vinatosha kumfanya ageuze uso. Acha angalau saa 2 kati ya kitafunwa na mlo. Tazama kinywani: vidonda, utando mweupe, fizi zilizovimba. Mtoto mwenye mafua hawezi kumeza na kupumua kwa pamoja, msafishe pua kwanza. Chakula kipya huenda akakikataa mara nane au kumi kabla ya kukizoea. Mpe kidogo kila siku mbili tatu bila shari.

Kumlaza chali, kumbana pua na kummiminia uji kwa kiganja kuachwe kabisa. Uji huingia mapafuni na kuleta nimonia, na mara nyingine humkaba papo hapo. Anayelishwa hivyo hujifunza kuogopa bakuli. Akae wima, mtazamane, kijiko kimoja kwa wakati, mwache ashike kijiko chake hata akichafua. Dakika 20 hadi 30 zikipita, ondoa chakula kwa utulivu.

Akikabwa, tofautisha. Akikohoa kwa sauti na uso kuwa mwekundu, mwache akohoe. Akinyamaza na midomo kuanza kubadilika rangi, wa chini ya mwaka 1 mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Mgeuze, mkandamize kifuani kwa vidole viwili mara 5. Rudia mpaka kitoke huku mtu akitafuta usafiri. Aliyezidi mwaka 1, badala ya kifua mshike kwa nyuma, umkandamize juu ya kitovu kwa ngumi, ukivuta ndani na juu mara 5. Usiingize kidole kooni bila kukiona kitu, utakisukuma ndani.

Maji, nepi na hatari za chini

Maji ya kunywa yachemke mpaka mapovu makubwa yatoke kwa dakika 1, yapoe ndani ya sufuria ileile ikiwa imefunikwa, yahifadhiwe kwenye chombo chenye bomba au mdomo mwembamba. Kikombe kinachochovywa na kila mkono hurudisha uchafu wote uliouua kwa mkaa wako. Karibu na choo tundika kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu la msumari, kamba na kijiti cha kukanyaga, na sabuni ikining'inia pembeni. Mikono ioshwe kabla ya kushika bakuli la mtoto na kila baada ya kumbadilisha.

Nepi za kitambaa dazeni moja na nusu zinatosha kwa anayefua kila siku. Kinyesi kikung'utwe chooni, suuza kwa maji baridi kwanza, maana ya moto hugandisha doa. Fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe. Sabuni iliyobaki ndiyo sababu ya makalio mekundu kuliko chakula. Anika juani kwenye kamba, usianike kwenye majani, kisha piga pasi pande zote mbili na kwenye mishono. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia ngozini na kuota kama jipu. Pasi ya moto ndiyo inayowaua. Makalio yakiwa mekundu, mwache bila nepi kwa muda kila siku na umpake mafuta ya mgando. Yakizidi siku 3 na kuwa na vipele vidogo kwenye mikunjo, huenda ni fangasi, nenda kliniki. Poda usimpake, huivuta kwa pua.

Ndoo ya maji iliyoachwa wazi humzamisha mtoto anayetambaa kwa kina cha sentimita chache tu. Funika au mimina. Mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya soda, popote pale. Jiko la mkaa liinuliwe au lizungushiwe kizuizi, mishikio ya sufuria iangalie ukutani. Akiungua, mwagia maji safi ya bomba, ya kawaida, kwa dakika 20 kamili. Barafu, dawa ya meno, yai na unga vyote huongeza madhara. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

Akiharisha

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kumfungisha chakula kunamdhoofisha. Pakiti moja ya ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1, itumike ndani ya saa 24, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole. Pakiti isipopatikana usiku, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwa lita 1. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo onja, kisiwe na chumvi kuliko machozi. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miezi 6, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya pili. Macho yaliyodumbukia, damu kwenye choo, kushindwa kunywa, usingizi usio wa kawaida au degedege: hospitali saa hiyo hiyo. Baada ya kupona mpe mlo mmoja zaidi kila siku kwa wiki 2.

Kliniki na kumwachisha ziwa

Uzito ukisimama miezi miwili mfululizo, mtaani watasema mtoto amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi wamekutana kimwili au mama ameshika mimba angali ananyonya, na lawama itamwangukia mama au baba. Kabla ya kukubali neno hilo, pima uji wake kwa kijiko, hesabu milo yake, mpeleke akapimwe malaria, minyoo na damu. Mara nyingi jibu linapatikana hapo. Mama aliyeshika mimba nyingine anaweza kuendelea kunyonyesha kama afya yake ni njema na anakula vizuri. Mtoto aliyeachishwa ghafla kwa hofu hiyo ndiye anayedhoofika, kwa sababu amenyang'anywa maziwa na kubakiziwa uji mwepesi.

Tarehe za kutosahau: chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na vitamini A ni kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi 6.

Kunyonyesha kuendelee hadi miaka 2 au zaidi. Ukifika wakati wa kumlikiza, usimpeleke kwa bibi usiku mmoja wala kupaka pilipili au shubiri. Ondoa nyonyo moja kila wiki, ukianza na ya mchana, na mahali pake weka kikombe cha maziwa au kitafunwa chenye uzito: viazi lishe na karanga, ndizi na parachichi. Ya alfajiri na ya kulalia ziwe za mwisho. Matiti yakijaa kamua kidogo kupunguza maumivu, usiyamalize, nayo yatakauka taratibu kwa muda wa wiki tano au sita.